Mlima, Maji na Nafasi ya Asiyekuwapo

Zong Bing alipozeeka na maradhi kumkalia, alirudi nyumbani kwake Jiangling, kando ya Mto Yangzi, akatambua kwamba hatapanda mlima tena. Alizaliwa mwaka 375. Tangu ujana alikuwa mtu wa safari: kila alipoitwa kushika kazi ya serikali alikataa, akaenda zake kupanda vilele na kulala mabondeni. Sasa mwili ulikuwa umemgomea. Basi akashika brashi, akaichora ukutani milima aliyopata kuitembelea, kisha akajilaza akiitazama. Safari hiyo ya kitandani ilipata jina ambalo Wachina wanalitumia hadi leo, jina lenye maana ya kutembea hali mtu amelala. Husimuliwa pia kwamba alikuwa akipiga kinanda chake cha nyuzi mbele ya ukuta ule, akitaka milima iliyochorwa imjibu kwa mwangwi.

Kabla ya kufariki mwaka 443 aliacha andiko fupi, mojawapo ya maandiko ya mwanzo kabisa ya Kichina juu ya kuchora mandhari. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka, zito kulijibu: mlima mzima utaingiaje katika kipande cha hariri? Jibu alilipata katika jicho. Mtu akiusogelea mlima hadi akaugusa kwa paji la uso, haoni umbo lake. Akijitenga nao mwendo wa maili kadhaa, mlima wote huingia katika mboni, nayo mboni haifiki upana wa ukucha. Kwa hiyo mstari wa wima usiotimia nusu shubiri waweza kubeba kimo cha maelfu ya futi, maadamu umbali umepimwa sawasawa. Udogo si kasoro ya picha. Kasoro ni mpangilio usiompa mtazamaji mahali pa kusimama.

Nadharia ya mpangilio wa picha za mandhari za China, basi, ilianzia kitandani kwa mgonjwa, na jambo hilo halifai kusahauliwa. Karne nyingi zilizofuata mabingwa wa wino walibishana juu ya mengi, lakini swali la Zong Bing lilibaki chini ya kila hoja: picha ipangwe vipi ili asiyeweza kwenda aende?

Wachina huiita sanaa hiyo kwa maneno mawili, mlima na maji, yakikaa bega kwa bega bila kiunganishi. Mlima husimama, maji hutembea; kimoja ni mfupa, kingine ni damu, na kazi ya mchoraji ni kuvioanisha. Xie He, aliyeishi baina ya karne ya 5 na ya 6, alizitaja kanuni sita za uchoraji. Ya kwanza inahusu pumzi ya uhai, ile nguvu inayoifanya picha ionekane inaishi. Ya tano inahusu kupanga mahali pa kila kitu, na neno alilolitumia ni lile la mtu anayepima kiwanja na kutafakari kabla ya kujenga. Kwenye orodha ilikuwa ya tano, lakini mwaka 847 mwanahistoria Zhang Yanyuan alitamka kwamba kanuni hiyo ndiyo jumla ya uchoraji wote.

Kwa mpenzi wa mashairi wa pwani, hilo si geni. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kutunga, kwa mtu anayetunga shairi na kwa mtu anayetunga asumini katika uzi. Wote wawili vitu vizuri wanavyo tayari mkononi. Kazi iliyobaki ni kujua kipi kitangulie, kipi kifuate, na baina yake iachwe nafasi kiasi gani.

Aliyeipa elimu hiyo sura kamili ni Guo Xi, mchoraji wa baraza la mfalme Shenzong katika karne ya 11. Mafundisho yake yalikusanywa na mwanawe, Guo Si, nayo yanaanza kwa swali linaloweza kumshangaza mtu anayedhani mandhari huchorwa kwa ajili ya urembo tu: kwa nini muungwana anapenda milima? Guo Xi anaeleza kwamba kila mtu hutamani kukaa penye chemchemi na miamba, mbali na vumbi na makelele ya mji. Lakini nchi ikiwa na amani na wazazi wakiwa hai, mtu mwadilifu hawezi kuutupa wajibu akakimbilia msituni. Yuko mfalme wa kumtumikia, wako mama na baba wa kuwatunza. Mtu huyo ndiye anayechorewa picha, ili bila kuvuka kizingiti cha chumba chake asikie ndege na nyani, aone nuru ya milima na rangi ya maji.

Zong Bing alizuiwa na maradhi. Muungwana wa Guo Xi anazuiwa na heshima. Wote wawili ni watu wasiokuwapo mlimani, na kwa sababu yao kanuni zikawekwa. Guo Xi aliigawa milima katika mafungu manne: kuna ya kupita njia, kuna ya kutazama, kuna ya kutembelea kwa starehe, na kuna ya kukaa. Akasema mafungu mawili ya mwisho ndiyo bora, na kwamba mchoraji ayachague hayo, kwa kuwa hata katika nchi halisi ardhi ya namna hiyo ni haba. Kwa maneno mengine, picha haipimwi kwa kufanana na mlima fulani. Hupimwa kwa kuuliza: je, mtu anaweza kukaa humu?

Ili mtu akae, sharti kwanza aingie, na kwa kuingia Guo Xi aliweka njia tatu, zijulikanazo kuwa umbali wa aina tatu. Mtu akisimama chini ya mlima na kuinua macho hadi kileleni, huo ni umbali wa kimo. Akisimama mbele ya mlima na kuchungulia kilichojificha nyuma yake, huo ni umbali wa kina. Akitazama kutoka mlima wa karibu hadi mlima wa mbali, jicho likienda sawa na ardhi, huo ni umbali wa tambarare. Kila mmoja una hali yake: wa kimo ni mwangavu na wa kutisha, wa kina ni mzito wenye tabaka juu ya tabaka, wa tambarare una nuru na kivuli pamoja, nao huyeyuka polepole hata usijulikane ulipokoma. Hata binadamu hubadilika humo. Katika umbali wa kimo huonekana dhahiri, katika wa kina hukatikakatika, katika wa tambarare huwa watulivu.

Mfano mkubwa wa umbali wa kimo ni picha ya Fan Kuan ya wasafiri baina ya milima na vijito, iliyochorwa yapata mwaka 1000 juu ya hariri yenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Jabali moja limejaza takriban theluthi mbili ya picha. Chini kabisa, upande wa kulia, msafara wa wanyama wa mizigo unapita, mdogo kama chungu. Baina ya jabali na njia hiyo Fan Kuan aliacha ukungu mweupe. Ukungu huo ndio unaoufanya mlima usimame. Bila huo, jabali lingewaangukia wasafiri. Naye mwenyewe alijificha: mwaka 1958 ndipo mtafiti mmoja wa Jumba la Makumbusho la Kasri la Taifa alipoligundua jina lake katikati ya majani, karibu na msafara ule, baada ya takriban miaka elfu moja ya watu kuitazama picha hiyo.

Guo Xi mwenyewe, katika picha yake ya mwanzo wa majira ya kuchipua ya mwaka 1072, aliukutanisha umbali wa aina zote tatu katika hariri moja. Mlima wa katikati unapanda ukijipindapinda mithili ya moshi. Upande mmoja bonde linafunguka na kwenda mbali, upande wa pili maporomoko ya maji yanashuka kwenye korongo lenye giza, na ukingoni watu wadogo wanashughulika na mashua zao. Jicho halipati mahali pamoja pa kutulia. Kila likihama, mlima unageuka, na ndivyo alivyofundisha: mlima una sura moja kwa kila hatua ya anayeutembea, na mamia ya sura hizo yapaswa kukaa katika mlima mmoja.

Aliongeza fundisho ambalo mshairi yeyote angelipokea kwa mikono miwili. Ukitaka mlima uwe mrefu, usiuonyeshe wote. Ufunge ukungu kiunoni. Ukitaka mto uende mbali, usiuonyeshe wote. Ukatizekatize kwa miamba na miti. Kinachofichwa ndicho kinachoongeza. Anayesema yote amemfungia msikilizaji mlango.

Ajabu ni kwamba mwalimu huyo wa kuwapa wengine nafasi alinyimwa nafasi yeye mwenyewe. Deng Chun, katika kitabu alichokiandika mwaka 1167, anasimulia kwamba wakati wa mfalme Shenzong kulikuwa na ukumbi wa kasri uliotundikwa kazi za Guo Xi mtupu. Zama zikabadilika, zikashushwa na kutiwa ghalani. Siku moja baba yake Deng Chun, alipokwenda kukagua nyumba ambayo familia yake ilikuwa imepewa na mfalme, alimkuta fundi akipangusa meza kwa kitambaa cha hariri chenye wino. Alipokitazama aliona ni mchoro wa Guo Xi. Akauliza ulikotoka, akaomba apewe yote iliyobaki, akapewa, na kuta za nyumba yake zikajaa milima.

Si wote waliokubaliana juu ya mahali mtazamaji asimame. Shen Kuo, mwanazuoni wa nyota, hesabu na mengi mengine, aliyeishi kuanzia 1031 hadi 1095, alimkosoa vikali Li Cheng, bingwa wa karne ya 10. Li Cheng alikuwa akichora mabanda ya milimani kama yanavyoonekana na mtu aliye chini, hata boriti za upenu zikaonekana kwa ndani. Shen Kuo aliona hilo ni kosa. Mlima, alisema, hutazamwa kama mtu anavyotazama kilima cha mawe kilichojengwa bustanini: mtazamaji akiwa mkubwa, mlima ukiwa mdogo, macho yakiuzunguka wote kwa pamoja. Tukichora kwa jicho la mtu aliyesimama bondeni, akauliza, tutaonaje bonde la nyuma? Tutaonaje ua wa nyumba na mambo yaliyomo?

Hapo ndipo njia ya Wachina ilipotengana na ile ambayo Ulaya ingeifuata baadaye. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliilinganisha picha na dirisha lililo wazi. Dirisha lina jicho moja na mahali pamoja. Anayechungulia yuko nje, na atabaki nje. Picha ya mlima na maji haina dirisha. Mtazamaji yumo ndani, na kwa kuwa yumo ndani hawezi kuwa na jicho moja, kama vile mtu anayetembea hawezi kuwa na hatua moja.

Kisha likaja suala la weupe. Mwaka 1127 Dola ya Song ilikuwa imepoteza Kaifeng, mji wake mkuu, pamoja na nchi yote ya kaskazini, na baraza likahamia kusini, Hangzhou. Huko, mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa ya 13, walichora Ma Yuan na Xia Gui. Jabali kubwa la katikati likatoweka. Ma Yuan alisukuma miti na mawe hadi pembeni, akaiacha hariri iliyobaki tupu, na watu wakamwita Ma wa Pembe Moja. Mwenzake akaitwa Xia wa Nusu. Wahakiki wa baadaye walisema hayo ni mabaki ya milima na masazo ya maji, picha za nchi iliyokatwa. Huenda ni kweli. Lakini mtu akitazama kwa utulivu haoni upungufu. Weupe ulio chini ya mashua ni maji. Weupe uleule ukiwa juu ya kilele ni mbingu, na ukiwa kiunoni mwa mlima ni ukungu. Katika hariri hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni jirani yake. Katika karne ya 17 Da Chongguang aliliweka hilo kuwa kanuni, akifundisha kwamba kilichojaa na kilicho tupu huzaana, na kwamba wino ukipangwa vyema, pasipochorwa kitu huwa pahala pa ajabu kuliko pote.

Msomaji wa tarbia anakijua kimya kile kidogo kilicho baina ya ukwapi na utao. Hakina mizani wala kina, lakini kikiondolewa, mshororo unakosa pumzi. Kimya hicho kimewekwa na mtunzi kwa makusudi. Kuna kimya kingine, cha ukurasa ulioliwa na mchwa, ambacho hakuna aliyekiweka. Kwa macho vimya hivyo viwili vyaweza kufanana. Tofauti yake inajulikana zaidi kwa kisa cha gombo moja.

Huang Gongwang alizaliwa mwaka 1269 katika ukoo wa Lu, akalelewa na mzee wa ukoo wa Huang aliyefika uzeeni bila mwana. Husimuliwa kwamba mzee yule alipomwona mtoto alitamka kuwa bwana Huang amengoja mwana kwa muda mrefu, na maneno hayo yakawa ndiyo majina yake. Alikuwa karani, akatiwa gerezani kwa kesi ya mkubwa wake, akatoka, akashika njia ya Tao na kupata riziki kwa kupiga ramli. Katika maelezo yake mafupi juu ya kuchora milima na maji aliwashauri wachoraji waweke brashi katika mkoba wa ngozi, ili wakikuta mti wa ajabu njiani wauchore papo hapo. Naye aliupanga upya umbali wa aina tatu: aliuacha ule wa kina, mahali pake akaweka umbali wa upana, yaani milima ya karibu inayofunguka ikitazamana, na maji katikati.

Mwaka 1347, akikaribia umri wa miaka themanini, alirudi kukaa katika milima ya Fuchun pamoja na Mtao mwenzake, Wuyong, akaanza kumchorea gombo la karatasi. Hakufanya haraka. Alichora siku ambazo moyo ulitaka, akaenda safari zake akiliacha gombo mlimani, akarudi, akaongeza. Mwaka 1350 lilikuwa bado halijaisha, na Wuyong akaingiwa na hofu kwamba mtu mwenye hila au nguvu angeweza kumpokonya, akamwomba mzee aandike mapema mwishoni kwamba ni lake. Huang aliandika, na maandishi hayo yapo hadi leo, yakimsimulia rafiki aliyependa kitu hata akaogopa kunyang'anywa kabla hakijakamilika.

Gombo la namna hiyo halitundikwi ukutani. Hukunjwa kama mkeka, na mtazamaji hulifungua kidogo kidogo mezani kutoka kulia kwenda kushoto, kama asomaye hati za Kiarabu, mkono mmoja ukikunjua na mwingine ukikunja. Mpangilio wake kwa hiyo ni wa wakati: kipi kionekane sasa, kipi kisubiri. Wanadharia waliokuja baadaye, akiwamo Dong Qichang aliyekuja kulimiliki gombo hilo, walikuita huko kufungua na kufunga. Vilima vya Fuchun hukusanyika, hutawanyika, huacha mto upite mweupe kwa muda mrefu, kisha hukusanyika tena. Kuna wavuvi wachache, na mtu aliyekaa katika kibanda cha makuti kando ya maji. Mwishoni kilele kimoja chembamba kinasimama peke yake, na baada yake ni maji ya tambarare yasiyo na mwisho.

Karne tatu baadaye gombo lilikuwa mikononi mwa Wu Hongyu wa Yixing. Mapenzi yake juu yake hayakuwa na kiasi. Husimuliwa kwamba machafuko ya kuanguka kwa Dola ya Ming yalipofika, aliacha mali yake yote akakimbia na gombo hilo tu. Mwaka 1650, akiwa kitandani mwa mauti, aliagiza lichomwe moto mbele yake ili liende naye. Karatasi ikashika moto. Mtoto wa ndugu yake alijipenyeza, akalichomoa na kutupa gombo jingine mahali pake.

Kitanda cha Zong Bing na kitanda cha Wu Hongyu vinastahili kuwekwa karibu. Wote wawili walikuwa wagonjwa wasioweza kwenda tena popote, na wote wawili waliipenda milima ya wino kuliko vyote walivyokuwa navyo. Mmoja aliichora ili imbebe. Mwingine alitaka kuibeba, akisahau kwamba mle ndani palikuwa pameachwa nafasi kwa watu ambao hawajazaliwa. Wala si rahisi kumhukumu. Kila apendaye kitu kizuri ana Wu Hongyu mdogo moyoni mwake.

Gombo likikunjwa, sehemu iliyo nje kabisa ni mwanzo wake, na moto huanzia nje. Kilichoungua, basi, ni mlango. Yun Shouping, mchoraji wa karne hiyohiyo, alisimuliwa na aliyewahi kuuona kwamba palikuwa na pembe ya mnara wa mji, kisha mchanga wa tambarare ufukoni, mahali mto unapotoka. Mtazamaji alikuwa akitua mchangani kwanza, ndipo akaiingia milima. Utenzi uliopotelewa na beti zake za ufunguzi bado husomeka, lakini msomaji huingilia dirishani.

Vilivyosalia vilikuwa vipande viwili. Kidogo, cha sentimita 51.4, kikapewa jina la Mlima Uliosalia. Kirefu, cha sentimita 636.9, kikabaki na jina la Wuyong. Hicho kirefu kilifika kwa mfalme Qianlong mwaka 1746. Kwa bahati, mwaka mmoja kabla yake mfalme alikwisha kupata gombo jingine la Fuchun, nakala ya mtu mwingine, akaliamini kuwa ndilo la kweli. Alilipenda mno, na kwa miaka mingi aliandika juu yake sifa na mashairi zaidi ya hamsini, hata kila mahali palipokuwa mbingu au maji pakajaa wino wake na mihuri yake. Lile la kweli aliamuru liandikwe kuwa ni nakala, likawekwa kando. Hivyo kosa la mfalme likaulinda weupe wa Huang Gongwang. Moto wa mpenzi wa kwanza ulichukua mwanzo. Wino wa mpenzi wa pili ungechukua vyote vilivyobaki.

Kipande kirefu kilihamishwa pamoja na hazina za kasri wakati wa vita, na kabla mwaka 1949 haujaisha kilikuwa Taiwan. Kifupi kiliingia katika jumba la makumbusho la mkoa wa Zhejiang, Hangzhou, mwaka 1956. Bahari ikawa baina yake. Juni na Julai 2011 kifupi kilivushwa na kupelekwa Taipei, na vipande viwili vikawekwa pamoja katika kabati moja la kioo kwa mara ya kwanza tangu vilipotenganishwa. Watu walipanga foleni. Walichokiona kilikuwa kipande kifupi kulia, kirefu kushoto, na baina yake pengo, maana hata vikikutana haviungani vizuri: kingo ziliungua, na karatasi iliyounguzwa hairudi.

Pengo hilo si weupe wa Ma Yuan. Halikuchaguliwa na mkono wa mtu aliyejua nini kiko jirani nalo. Hata hivyo watu waliosimama mbele ya kioo kile walifanya nalo jambo ambalo wanadharia wa kale walilifundisha bila kufikiria moto: walikitazama kilima kinachoishia ukingoni kushoto kwa kile kifupi, wakatafuta mteremko wake upande wa pili, na macho yao yakavuka. Miaka elfu ya kuzoezwa kutembea penye kitu kisichochorwa iliwawezesha kutembea hata penye kitu kilichopotea.

Baadaye kipande kifupi kilirudishwa Hangzhou. Wengi wa wanaosoma kurasa hizi hawatafika huko, wala Taipei, na wataiona milima ya Fuchun katika kitabu cha kuazima, imepunguzwa hadi upana wa kiganja. Zong Bing asingeliona hilo kuwa hasara kubwa. Angewaambia waanze upande wa kulia, kwenye mchanga usiokuwapo, waende polepole, na wakifika penye kibanda cha makuti kando ya maji, wakae.